Jina Juu ya Chupa

Saa kumi na mbili asubuhi, chupa ndogo ya plastiki ilikuwa mezani, tupu, imeandikwa jina la Mama. Kidoti aliiona alipokuja kukunja ovaroli aliyoianika jana yake. Kila siku baada ya shule aliloweka ovaroli ya Mama katika beseni na kuisugua mpaka harufu ya dawa ipungue.

Mama alikuwa mchanganyaji wa dawa za kuua wadudu katika shamba kubwa la maua. Wiki hiyo alikuja daktari mtafiti kupima kama dawa hizo zinaingia katika miili ya wafanyakazi. Kwa kuwa alishinda akigawa chupa za mkojo, walimbatiza Daktari Chupa. Katibu wa chama cha wafanyakazi aliwaambia mkutanoni, daktari akiwepo, kwamba atakayekutwa na sumu atahamishiwa kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Watu walicheka. Walimkumbuka mwenzao aliyelalamika kifua mwaka uliopita, akapelekwa kupalilia na posho yake ikakatwa. Katibu aliposema mficha maradhi kifo humuumbua, Mama alimjibu kwamba anayeyataja huumbuliwa na mshahara.

"Kidoti, mwanangu," Mama alisema bila kumtazama, "nijazie hiyo chupa."

"Si imeandikwa jina lako, Mama?"

"Ndiyo. Lakini wewe huna kitu. Mimi kichwa hakiachi kuniuma. Wakinitoa kwenye dawa, kodi ya chumba nitaitoa wapi?"

 Hata Kidoti kichwa kilimuuma kila jioni, na macho yalimtoka machozi bila kulia, ila alidhani ni uchovu wa masomo. Aliijaza chupa, Mama akaifunga katika mfuko na kuondoka nayo.

Siku chache baadaye maandishi ya ubaoni yalianza kumchezea. Alipepesa macho kuyatafuta, na jirani yake wa dawati akamtania kwamba anamkonyeza mwalimu. Darasa lilicheka, lakini mwalimu hakucheka. Alimgusa paji la uso, akaona jasho jingi wakati wenzake wamevaa masweta, akamwambia aende kwa mama yake. Kidoti alimkuta Mama kwenye lango la shamba, akielekea zahanati ya shamba. Daktari Chupa alikuwa amemwita. Waliingia pamoja.

Katibu alikuwa ameketi pembeni. Daktari alieleza kwa utulivu kwamba sumu imeonekana katika mkojo wa Mama, na kwamba hatakiwi kugusa dawa tena kuanzia siku hiyo.

"Haiwezekani," Mama alisema.

Daktari alidhani anabisha kama wengine walivyobisha, akaanza kumweleza upya jinsi vipimo vinavyofanyika. Mama hakuwa akisikiliza. Alimtazama Kidoti, jasho lake, macho yake mekundu. Akinyamaza, angetibiwa yeye kwa sumu iliyokutwa kwa mwanawe. Akisema, angejulikana kuwa amedanganya, na pengine angefukuzwa kazi. 

"Daktari," Kidoti alisema, "ule mkojo ni wangu."

Katibu aliinua kichwa. Mama alijifunika uso kwa viganja.

"Anasema kweli," alisema kutoka nyuma ya viganja hivyo. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Daktari hakupandisha sauti. Alichukua tochi, akamulika macho ya Kidoti. Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama tundu la sindano. Alimuuliza kama huwa anaingia shambani. Hapana. Kama kuna dawa nyumbani. Hapana. Kisha akamgeuza mikono na kuona ngozi iliyobabuka kati ya vidole.

"Mikono hii inafanya kazi gani?"

"Inafua ovaroli ya Mama."

"Kwa glavu?"

"Hivi hivi tu."

Daktari alizima tochi, akamgeukia Mama.

"Chupa ilisema kweli, dada. Jina juu yake ndilo lililodanganya. Mwanao asingesema, ningekupumzisha wewe, naye angeendelea kufua sumu kila jioni. Ukinificha ukweli, matibabu yangu yanakwenda kwa mtu mwingine." Akamtazama katibu. "Na wewe uliwaahidi wafanyakazi kwa mdomo tu. Mtu akishang'atwa na nyoka, hata unyasi humshtua. Walitaka kuona mkataba, wakapewa methali."

Katibu alikubali kwamba hakuwa na lolote lililoandikwa. Alitoka kumtafuta msimamizi wa shamba. Kabla hajarudi, Mama aliomba chupa nyingine na kuijaza mwenyewe. Sumu iliyokutwa humo ilizidi ya Kidoti.

Mazungumzo na msimamizi yalikuwa magumu, lakini wiki hiyo makubaliano yalitiwa saini na kubandikwa langoni. Kazi ya mgonjwa ingebadilishwa, mshahara na posho visingeguswa. Ovaroli zilikatazwa kutoka nje ya lango; zingefuliwa kwa mashine huko huko shambani. Mama alipelekwa kufungasha maua, na mwisho wa mwezi alilipwa kama zamani.

Kidoti alitibiwa, kisha akapimwa tena. Safari hii chupa ilikuwa na jina lake. Sumu ilikuwa imepungua sana, na ubao aliuona vizuri. Sumu ya Mama ilikuwa bado juu.