Bendera Iliyoteremshwa

Haya yalimkuta shemeji yangu, mwokoaji wa ufukwe ambao mawimbi yake hayana subira ya kukuzamisha: yanakubamiza mchangani, kichwa kikitangulia. Meneja wa hoteli ya hapo alimwamuru ateremshe bendera nyekundu, eti inafukuza wageni na mbao zao za kutelezea mawimbini.

"Bosi, shingo ya mtu haina spea."

"Nimesema teremsha."

Akaiteremsha huku akisonya. Asubuhi ile ukungu ulifunika maji, akawa anasikia vishindo tu. Mara, kutoka humo humo majini, filimbi ikalia mara tatu, ishara ya kuwaamuru watu watoke majini.

Mwenye filimbi alikuwa yeye peke yake, na siku hiyo alikuwa hajaipuliza. Akapapasa kifuani. Ilikuwepo, ila pale pa kupulizia palikuwa na mate, bado ya uvuguvugu.