Lori la Mzee Tarsis

Marobota manne ya vitenge yalikuwa yametoweka mchana kweupe, katikati ya Kariakoo, na dereva wa lori alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, pingu mikononi.

Inspekta Severa alishuka kwenye gari la polisi akaupasua umati kwa viwiko. Kariakoo watu hawangoji mwaliko kutazama balaa la mwenzao.

"Jina?"

"Athanas, afande. Dereva wa Mzee Tarsis."

"Mzigo uko wapi?"

"Sijui. Gari lilizima hapahapa. Nikainua kabini, nikainamia injini. Kuja kushusha kabini, turubai limekatwa, marobota hayapo."

"Leo ndiyo mara ya kwanza kuzima?"

"Siku hizi kila nikitoka nalo bandarini linazima! Nikisubiri kidogo linawaka. Likitembea, linazima tena. Na Desemba linakuwa langu, afande. Mzee kaniahidi kwa jinsi nilivyomtumikia. Niibe mzigo, nikalale jela, nikose na gari?"

Mzee Tarsis, mwenye lori na duka la jumla, alisimama kando akilitazama turubai lililokatwa. Mdogo wake Beno, msimamizi wa duka, ndiye aliyekuwa na maneno.

"Anajizimishia makusudi huyo. Wenzake wanapakua!"

Severa alizipenda kesi za namna hii kupita kiasi, hata wenzake kituoni walimtania. Akamwita Jovin, fundi wa lori hilo, kutoka gereji yake ya Gerezani.

"Filta nimebadilisha, pampu nimesafisha," Jovin alisema. "Bado linazima."

"Pampu ingekuwa imekufa, lingewaka tena baada ya kupumzika?"

"Lisingewaka. Mafuta yanafika, halafu yanakatika njiani."

"Basi tuliruke tangi."

Jovin alifunga dumu la dizeli nyuma ya kabini, akachomoa mpira wa mafuta kwenye tangi na kuuingiza kwenye dumu. Koplo Seifu, aliyekuja na Severa, akashika usukani, Severa akapanda pembeni. Wakaenda Magomeni, wakarudi. Injini ilinguruma mwanzo mwisho, haikukohoa hata mara moja. Severa aliipiga dashibodi kwa furaha.

"Tatizo liko ndani ya tangi! Fungua, Jovin!"

Mfuniko wa tangi ulikuwa na kufuli. Severa akavaa glavu, akalikagua. Zima kabisa, hata mkwaruzo hakuna.

"Athanas, ufunguo?"

"Sijawahi kuushika, afande. Matajiri hawatupi ufunguo wa tangi. Wanasema tutauza dizeli."

"Anao nani?"

Athanas alimtazama Beno. Beno akautoa mfukoni.

Jovin akafungua kufuli, akaingiza waya uliopindwa ncha, akavua kipande kipana cha nailoni, ile nene ya kufungia marobota. Akapiga yowe. Injini ikivuta mafuta, nailoni ilikuwa inanata kwenye mdomo wa bomba. Ikizimwa, inaachia.

"Bwana Beno, hii imeingiaje kwenye tangi lenye kufuli?"

"Labda fundi."

"Mimi?" Jovin aliruka. "Si nilikuomba ufunguo nilikague, ukaniambia tangi halina shida?"

"Ulijuaje kwamba halina shida, Bwana Beno?" Severa aliuliza.

Beno alimgeukia kaka yake.

"Stoo yako iko wapi?"

"Hapo jirani, Mchafukoge," alijibu Mzee Tarsis.

Waliongozana wote. Nyuma ya maboksi ya vyombo yalikuwepo marobota manne, hayajafunguliwa hata moja. Koplo Seifu aliyapiga picha kama vielelezo. Severa hakuridhika. Mwizi gani wa Kariakoo anaweka vitenge stoo kwake badala ya kuvipeleka kwa mnunuzi?

"Sikutaka kuyauza," Beno alisema ghafla. "Nilitaka aonekane mwizi. Nilimfuata na guta la mizigo kutoka bandarini. Nilijua likizima atainua kabini, nyuma haoni."

"Kwa nini?"

"Lori hilo ndilo gari la kwanza la kaka! Nimeliosha, nimelisukuma, nimelala chini yake. Halafu Desemba twende nyumbani Moshi, mbele ya ukoo mzima, kaka asimame ampe mtu baki! Mimi nitaonekana nani?"

Athanas aliinamisha kichwa. Hasira zilikuwa zimemwisha, amebaki na huzuni. Severa akamfungua pingu mwenyewe.

Mzee Tarsis alikaa taratibu juu ya robota.

"Mdogo wangu," alisema, "lori nilimwahidi Athanas kwa sababu duka nilikuwa nakupa wewe. Nilitaka usikie hilo hukohuko nyumbani, mbele ya ukoo."

Beno aliinyoosha mikono yake miwili kwa Severa afungwe pingu, kabla hajaambiwa.