Nilikata Mguu wa Dada Yangu Kwenye Picha

Nina miaka ishirini na mmoja. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo mkasa huu umenichukua majuma mawili. Naishi na mama yangu juu kidogo ya mji wa Lushoto, tunalima karoti na kabichi. Baba alishafariki. Kuongea mbele za watu siwezi. Tangu nikiwa mdogo, mtu akiniuliza jambo mbele ya wengine, maneno yananikwama hapa kooni… Naomba mnisome hadi mwisho, ndugu wasomaji, kwa sababu ukimya wangu umevunja nyumba ya mtu.

Kitu kimoja tu kilinisahaulisha aibu: kupiga picha. Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, lakini kamera yake nzuri. Niliwapiga kina mama wakifunga mizigo ya mboga, ukungu ukipanda kutoka bondeni, mzee akimnyoa mjukuu wake nje ya nyumba. Nilizituma kwenye kundi la vijana wapenda picha. Humo sikuwahi kuandika hata neno moja. Nilituma picha, nikasubiri wazisifu.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa mke wa Salehe, dereva wa lori la mboga linalokwenda Dar es Salaam. Walikuwa na binti mmoja, Sauda, mwenye miaka minne. Shemeji Salehe ni mtu mpole, ila ana wivu. Akinikuta na simu yangu alikuwa akisema, "Shikeni adabu, mpiga picha wa serikali amefika!" Nilimpenda sana.

Siku moja mimi na dada tulikuwa tunarudi kutoka sokoni kwa njia ya mkato. Manyunyu yalikuwa yameloanisha udongo mwekundu. Dada akateleza, kikapu kikaenda huko, mguu ukateguka. Alilia kama mtoto! Tulikuwa wawili tu, sijui nifanye nini, ndipo akatokea Athumani.

Huyu Athumani ameirithi kwa babu yake kazi ya kurudisha viungo vilivyoteguka. Lakini kuna jambo lingine ambalo mtaa mzima unalijua: kabla ya Salehe, Athumani ndiye aliyeleta barua ya posa kwa dada, na baba akaikataa.

Athumani alichuchumaa, akamwambia dada amshike bega. Watu wa kazi hiyo wana ujanja wao. Hawavuti kiungo ukiwa umekaza mwili, wanakuchekesha kwanza. Akasema, "Mwanaidi, barua yangu mliirudisha. Huu mguu nikiuvuta vibaya, msinirudishie na wenyewe!"

Dada akacheka huku machozi yanamtoka. Papo hapo Athumani akavuta! Dada akafumba macho, kinywa wazi, kicheko na kilio pamoja… nami nikabonyeza.

Nyumbani niliitazama ile picha. Juu ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Chini kulikuwa na mguu uliovimba, tope, na kandambili iliyokatika. Niliona vinaniharibia picha. Nikavikata. Nikaacha kuanzia kifuani kwenda juu: nyuso mbili karibu karibu, mkono wa dada begani kwa Athumani, ukungu nyuma yao. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo ile picha nzima nikaifuta.

Nilijivunia, Mungu anisamehe. Nikaituma kwenye kundi.

Rafiki yangu Rajabu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa wa kwanza kunijibu, akiniita bwana kwa Kisambaa chetu: "Mghosi, hapa umeua!" Nikafurahi. Jioni nikaona ameichukua picha yangu na kuiweka kwenye ukurasa wake, juu ameandika: "Posa ilikataliwa, mapenzi je?" Na alama za vicheko chini yake.

Niliandika ujumbe wa kumwomba aitoe, nikaufuta. Nikaandika tena, nikaufuta. Nilijiambia asubuhi nitakwenda kwake nimweleze ana kwa ana. Asubuhi ilipofika, madereva walikuwa wameshaipokea njiani, mmoja akimtumia mwenzake. Shemeji akaiona akiwa Dar es Salaam.

Kumbe kulikuwa na jingine ambalo mimi sikulijua. Dada alimweleza mumewe kwenye simu kwamba aliteleza, lakini hakumtajia aliyemrudisha mguu. Aliogopa wivu wake. Salehe aliporudi baada ya siku kumi, mguu ulikuwa umepona kabisa. Angemwonyesha nini?

Kikao cha kuamua ndoa yao kilikaa kwao Salehe. Walikuwepo wazee wa pande zote mbili, na mama yangu. Athumani hakuitwa, wazee waliona ni aibu kumkalisha chumba kimoja na Salehe. Nilitoa shikamoo kwa kila mtu, nikakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Dada alieleza ukweli wote, bila kupunguza wala kuongeza.

Baba mkubwa wa Salehe akainua simu yenye ile picha. "Mguu wenyewe uko wapi, mwanangu? Mbona mimi naona meno tu?"

Watu wakaguna. Wengine walicheka. Kisha akanigeukia mimi.

"Haya, mwenye picha si huyu hapa? Kijana, wewe ulikuwepo. Ni kweli palikuwa na mguu ulioteguka, au dada yako anatutania?"

Macho yote yakanijia. Macho ya dada pia… Nayaona hata sasa ninapoandika. Hayakuwa na hofu. Alikuwa na hakika kwamba sasa ameokoka!

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nikatazama mkeka. Mzee akaniuliza mara ya pili, kwa upole. Nikazidi kuinama.

"Basi," akasema. "Kijana amejibu."

Salehe akatoa talaka moja palepale. Sauda akabaki kwa bibi yake mzaa baba.

Mama aliniambia bado pana matumaini, kwa sababu kabla eda ya miezi mitatu haijaisha, Salehe anaweza kumrudia mkewe. Nikaapa nitasema! Mwezi wa kwanza wa eda nilikwenda kwa mama yake Salehe. Akanikaribisha chai. Sauda alikuja kunikalia mapajani. Nikanywa vikombe viwili, nikashukuru, nikaondoka.

Mwezi wa pili nilimfuata Rajabu twende wote kwa Salehe, yeye aseme kwamba maneno yale yalikuwa utani. Akanicheka. "Mghosi, mimi niliweka maneno tu. Picha ulipiga wewe. Nenda mwenyewe." Huyo ndiye rafiki yangu.

Zikabaki siku nne. Nikapanda basi hadi Mombo, mahali malori yanaposimama. Nilimkuta Salehe akikaza kamba za turubai. Pale penye watu wote wale nikaeleza kila kitu: mguu, tope, utani wa Athumani, na jinsi nilivyokata. Nilikuwa nalia. Yeye aliendelea kufunga kamba.

"Picha nzima iko wapi?"

"Niliifuta, shemeji."

"Siku ile uliulizwa mara mbili."

"Niliona aibu."

Akaiacha kamba. "Ungenijia hata kesho yake ningekuamini. Nilitaka sana kuamini. Sasa watu wangu wameshapeleka barua kwingine, na imekubaliwa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Afadhali angenipiga!

Eda iliisha siku ya Ijumaa. Dada sasa analima karoti pamoja nasi. Sauda huletwa kumwona mara mojamoja, na akiondoka hulia mpaka kwenye kona ya barabara.

Vijana wenzangu mnaopiga picha, msikate kitu kwa sababu tu kinaharibu uzuri. Na mnaoona picha ya mtu mkaongeza maneno ya kuchekesha, mnamjua mwenye picha hiyo ana nani nyumbani? Lakini zaidi nawasihi nyie wenye aibu kama mimi. Mimi nilidhani aibu yangu ni mzigo wangu peke yangu, sikujua kama unaweza kumwangukia mwingine. Ukiwa wewe peke yako ndiye uliyeona, na ukaulizwa, jibu! Jibu kwa kigugumizi, jibu ukilia, wakucheke wakipenda. Siku ile ikipita, hata ukweli wenyewe unaonekana kama umetungwa.

Nilipomweleza dada kwamba nilikwenda Mombo, alikuwa anaosha karoti mtoni. Hakugeuka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ungeitikia kwa kichwa tu, mdogo wangu. Kuongea sikukuomba."

Akaendelea kuosha. Na mimi, nyuma yake, nikaitikia kwa kichwa.