Vidole vya Shangazi

Giza lilikuwa linaanza kuingia Bwana Mitambo aliporudi karakana kuchukua koti lake jipya la kesho. Mkewe alikuwa amempigia simu kwamba mtoto ana homa, asichelewe. Akaitikia "sawa, sawa" ya mtu asiyesikiliza.

Jina la Bwana Mitambo alipewa na majirani kwa kumkebehi, naye, kwa akili zake nyingi, akadhani ni sifa. Mkono wa chuma aliouunda ulikuwa mezani, umevikwa ngozi ya mpira iliyojaa vihisio vidogo. Ukigusa kitambaa, skrini iliandika: pamba, hariri, sufu, au bandia. Kesho wenye kiwanda cha nguo wangekuja kuuona. "Kugusa ni mgandamizo na joto tu," alipenda kusema. "Mengine ni porojo."

Porojo zenyewe alizitoa kwa Shangazi yake, aliyemlea. Shangazi alikuwa muuza vitambaa, na dharau alizaliwa nayo. Hakumsalimu mtu kabla ya kusugua ukingo wa nguo yake kwa vidole viwili. Akikuta bandia, alijifuta vidole pajani, mbele yako, bila haya. Alipougua, mpwa wake akamvika glavu ya nyaya ili inase kila msuguo, aufundishe mkono wa chuma. Haikuvuliwa hata roho ilipokuwa inamtoka.

"Nivue hii, mwanangu. Nishike mkono."

"Bado kidogo, Shangazi."

Shangazi akafa na glavu yake. Mazikoni hakuna aliyelia kumshinda mpwa.

Sasa Bwana Mitambo akavaa koti. Fundi cherehani alikuwa amemwapia kwamba ni sufu tupu. Akauwasha mkono, akauwekea ukingo wa koti ili naye asifiwe. Vidole vikasugua taratibu. Skrini haikuandika kitu.

Kisha mkono ukajifuta vidole kwenye ukingo wa meza.

Hakuwa ameufundisha hivyo.

"Hitilafu," akasema kwa sauti. Msomi akishikwa na hofu hutafuta neno la kujifichia. Lakini karakana ilikuwa imeanza kunuka dawa ya nondo, harufu ya duka la Shangazi, duka lililofungwa tangu msiba.

Akachomoa waya wa umeme.

Sss... sss... Vidole viliendelea kusugua hewa.

Akanyoosha mkono auangushe mtambo, vidole vikamdaka. Havikumbana. Vilimsugua ncha za vidole, kimoja baada ya kingine, kwa subira ya mtu anayekagua jora dukani. Skrini isiyo na umeme ikawaka neno moja.

Bandia.

"Niachie, Shangazi," akanong'ona. Tangu amzike hakuwa amemtaja.

"Bado kidogo..." kitu kikajibu nyuma ya sikio lake.

Hakugeuka. Jasho lilimtiririka mgongoni. Vilipomaliza kidole cha mwisho vikapanda kiganjani, vikakisugua nacho. Kisha vikamwachia, vikajifuta mezani, vikatulia.

Alikimbia mpaka nyumbani bila koti. Mlangoni ufunguo ukamponyoka mara mbili, ikabidi autazame ndipo ajue kama ameushika. Ganzi, akajiambia. Neno jingine la kujifichia.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani. Alikuwa amechoka, hata hasira hakuwa nayo tena. Akamwambia amshike mwanawe kidogo, aone, kisha waamue kama wampeleke hospitali usiku huu au wasubiri asubuhi.

Bwana Mitambo akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto. Akakiacha hapo. Akageuza, akaweka mgongo wa mkono, akarudisha kiganja, akakandamiza mpaka mtoto akalia.

"Ana joto?" akauliza.

Mkewe akamtazama, akautazama ule mkono.

"Si umemshika?"