Joho Lililotiwa Maji ya Moto

Kila siku akirudi chuo cha Kurani, Ummukulthum alivua buibui lake, akavuta kibao uani na kufua. Nyumba yao ilikuwa Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, na ingawa alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: mashati yake ya skuli yalikuwa meupe kuliko ya wenzake wote. Hakuwa na siri kubwa. Alilichemsha shati kwenye sufuria, akalisugua kola kwa sabuni kali ya unga, kisha akalianika juu ya paa mpaka likakauka kama karatasi. Pamba nyeupe huvumilia mateso hayo. Yeye aliamini kwamba kila nguo huyavumilia.

Siku ya Jumatano, katika wiki ya harusi ya kaka yake Abdulhakim, mama yao, Bi Mwanakheir, alifungua sanduku akatoa joho la marehemu baba. Lilikuwa joho jeusi la sufu, lenye zari ya dhahabu shingoni na kifuani. Baba alilivaa siku alipomuoa mama. Baba zao wadogo wakalivaa baada yake, kila mmoja kwa zamu yake. Sasa ilikuwa zamu ya Abdulhakim, aliyefiwa na baba kabla hajaota ndevu. Tangu posa ijibiwe, hakuzungumzia nguo nyingine ila hiyo.

"Lifukize udi, Ummu," mama alisema. "Ukimaliza ulikunje, ulirudishe sandukuni. Mimi nnakwenda sokoni Darajani."

"Naam, mama."

Mama hakumwambia kwamba joho halitiwi maji. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kulitia, kwa hiyo hakufikiri kwamba neno hilo lilihitaji kusemwa.

Jirani yao Nusrat, aliyesoma naye darasa moja, alikuja kumtazama akilipitisha joho juu ya moshi wa chetezo. Akaona kichupa cha mafuta ya udi kwenye rafu.

"Litie na tone la haya, bwana harusi anukie mpaka Bububu!"

Ummukulthum alicheka, akakishika kichupa. Kifuniko kilikuwa kimenata. Alipokivuta kwa nguvu kilifunguka ghafla, na mafuta yakamwagika kifuani mwa joho. Doa lilienea likawa kubwa kama kiganja.

"Yarabi!" Nusrat alisema. "Mngoje mama yako umwambie."

"Thubutu! Aniue? Mafuta hayatoki ila kwa maji ya moto. Sufuria ya pilau unaioshea nini, wewe?"

"Joho na sufuria wapi na wapi? Haya, bingwa wa povu. Mie simo." Nusrat akajitanda mtandio wake, akaondoka.

Ummukulthum alichemsha maji, akalizamisha joho katika beseni na kulisugua kwa mikono miwili. Maji yakawa meusi kama wino wa ngisi. Alilikamua, akalianika juani. Adhuhuri ilipopita alipanda juu ya paa kulianua. Doa lilikuwa limetoka kweli, lakini mabega yalikuwa yamepauka na kupata rangi ya kutu. Kitambaa kilichokuwa laini kilikuwa kigumu na kizito kama busati, na mikono ilikuwa imerudi, ikawa mifupi sana. Alilivuta huku na huku, lisitii. Akalikunja, akalisukuma chini kabisa ya sanduku.

"Joho ushalifukiza?" mama aliuliza aliporudi.

"Nshalifukiza."

Neno hilo lilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Alhamisi nzima alikata vitunguu na kupokea wageni huku akijiambia kwamba huenda joho likalegea lenyewe sandukuni.

Ijumaa asubuhi Abdulhakim alisimama katikati ya chumba akiwa na kanzu mpya, akanyoosha mikono avalishwe. Mikono ya joho ilikomea chini kidogo ya viwiko. Kifuani halikufunga.

"Mama, hili la nani?" aliuliza huku akitabasamu. "Mmenitolea la mtoto?"

Mama alipapasa zari ya shingoni, akagusa mahali alipowahi kuishona mwenyewe. Akaketi kitandani. Tabasamu la Abdulhakim likaondoka.

"Nimelifua mimi," Ummukulthum alisema.

Shangazi yao, Bi Borafya, aliyekuwamo chumbani, alikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Hakupaza sauti. "Kwa maji gani?"

"Ya moto, shangazi."

"Ukasugua? Ukaanika juani?"

"Ndiyo. Jumatano. Lilikuwa limemwagikiwa mafuta."

Bi Borafya aliligeuza joho mikononi. "Sufu ni nywele za kondoo. Kila unywele una magamba madogo sana. Ukiutia maji ya moto na kuusugua, magamba hushikana, kitambaa hurudi na hakinyooki tena. Rangi imetolewa na joto pamoja na sabuni kali, na jua likaondoa iliyosalia. Mafuta yale yangenyunyiziwa poda iyanyonye, basi. Na hata baada ya kulifua, lau ungeniita Jumatano hiyo lingali bichi, ningelivuta polepole na kulilaza kivulini. Lisingekuwa kama zamani, lakini pengine angeweza kulivaa. Sasa limeshakauka hivi."

Joho jingine liliazimwa kwa Mzee Ubwa, jirani wa nyumba ya pili. Lilimkaa Abdulhakim vizuri, na nikaha ikafungwa kwa wakati wake baada ya sala ya Ijumaa. Wageni walimsifu bwana harusi. Mama alipokea pongezi zote kwa midomo tu. Abdulhakim hakumgombeza mdogo wake. Alipompita mlangoni alisema, "Nilitaka la baba," akaenda zake.

Jumapili Ummukulthum alizifua nguo za harusi kama alivyofundishwa na shangazi: za rangi mbali na nyeupe, maji baridi, sabuni kidogo, akazigeuza ndani nje na kuzianika kivulini. Hakuna iliyochuja. Mama alizikagua moja moja, kisha akamketisha.

"Doa ni ajali, nisingekulaumu. Maji ya moto ni kutojua, na hapo mimi nami nna sehemu yangu, sikukufundisha. Lakini kunyamaza kwako ni kwako peke yako. Kosa ukilisema mapema, mwanangu, watu hupata nafasi ya kukusaidia. Ukilificha unatunyima hata nafasi hiyo."

"Nisamehe, mama."

"Nshakusamehe."

Mama akalikunja joho, akalirudisha sandukuni, akalifunga sanduku kwa ufunguo. Ufunguo hakuurudisha msumarini ulipokuwa ukitundikwa siku zote. Aliufunga katika pindo la kanga yake, akakaza fundo.