Bi Shingo na Sakafu ya Ismail

Bi Shingo alikuwa kuku wa kishingo. Hakuwa na unyoya hata mmoja shingoni, lakini kwa maringo, Magomeni nzima hakuna aliyemfikia. Kila akitaga, alitangaza mpaka nyumba ya tatu.

Sitara alimpenda mno. Katika kuku wote walioachwa na marehemu mama yake, huyu tu ndiye aliyebaki.

Jumapili moja Bi Shingo hakulia. Sitara alimkuta uani amejikunyata, mkia umeshuka. Alijikamua, akajikamua tena, kisitoke kitu. Sitara alimpapasa tumboni akaligusa yai. Lilikuwa limekwama.

Mumewe, Ismail, alitazama mara moja tu, akaenda kunoa kisu.

"Tumchinje angali hai," alisema. "Akifa kibudu, hata mchuzi hatupati."

"Jamani, baba Nasreen! Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Afe?"

Machozi yalimlengalenga Sitara. Akamshika kuku, alibinye yai litoke.

"Dada Sitara, usimbinye!"

Alikuwa Vicky, mpangaji wao, anayeuza chakula na dawa za mifugo Kariakoo. Ndiyo kwanza anatoka kanisani.

"Yai likipasukia ndani, tutampoteza. Shemeji, weka kisu hicho. Nileteeni beseni na maji ya uvuguvugu."

Vicky alijifunga kanga juu ya gauni lake la kanisani. Aliyapima maji kwa kiwiko, kama ya kumwogeshea mtoto. Wakamkalisha Bi Shingo humo, maji yakimfika tumboni, kwa muda kama wa robo saa. Bi Shingo alifumba macho kwa raha.

Kisha Vicky alinawa mikono kwa sabuni. Akapaka mafuta ya kula kwenye tundu la kutolea yai.

"Tunalainisha njia tu. Hatuchokonoi ndani."

Walimkausha, wakamweka ndani ya boksi lenye kitambaa laini na maji ya kunywa, mahali penye joto na giza.

"Sasa tumwache atulie. Yai lisipotoka leo, au nyama nyekundu ikitokeza nje, tunamwita daktari wa mifugo. Na siku ukifuga kuku wengine, mgonjwa mtenge, wasije wakamdonoa."

"Kwani kapatwa na nini?" Ismail aliuliza, kisu bado mkononi.

"Anakula nini?"

"Wali," alijibu Sitara. "Na makombo ya vitumbua."

"Anachakura wapi?"

Sitara alimtazama Ismail. Ismail aliitazama sakafu yake. Tangu amwage zege ua mzima, hakutaka hata tone la mchuzi lidondoke pale.

"Kuku akikosa chokaa, ganda huharibika na nguvu za kusukuma yai hupungua," alieleza Vicky. "Akikaa bila kutembea, ananenepa, yai linakwama. Mpe chakula cha kuku wa mayai, na chokaa ya mifugo kwenye kopo pembeni. Apate na udongo."

Adhuhuri ilipokaribia, kelele zilitoka ndani ya boksi. Kelele zenyewe, zile za kufika nyumba ya tatu! Sitara alipiga vigelegele. Ismail alilichukua yai, bado la moto, akakimbia nalo barazani kuwaonyesha majirani, utadhani kataga yeye.

Jioni Sitara alisikia nyundo inagonga. Ismail alikuwa amepiga magoti uani, anavunja kona ya sakafu yake.

"Baba Nasreen, zege lako!"

"Niache."

Kona ile sasa ni ya Bi Shingo. Kisu kimerudi kukata vitunguu. Na kuku huyo akitangaza yai lake, Ismail humjibu kutoka ndani, "Tumesikia, bibi!"