Boksi Tupu la Gramu Mia Tatu

Fundi alisaini kabla ya kufungua. Mwenyewe huwaambia wateja wake kila siku, "Usisaini kitu hujakikagua," halafu siku hiyo ya Jumatatu akasaini. Haraka haraka haina baraka, tunaijua wote, lakini nani huikumbuka akiwa na njaa? Alikuwa ameshinda tangu asubuhi nyuma ya friji ya bucha akiitengeneza, mikono inanuka gesi na mafuta ya ng'ombe, na kibanda cha vifurushi kilikuwa kinafungwa saa kumi na mbili. Giza lilishaanza kuingia. Wakala, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka boksi juu ya mizani.

"Gramu mia tatu," alisema. "Saini hapa. Na hapa."

Akasaini hapa, na hapa.

Ndani ya boksi kilitakiwa kuwemo kifaa cha kusikia cha baba yake, alichokiagiza kwa simu. Mzee alisaga nafaka za watu kwa miaka thelathini na minane, na ile mashine ilimla masikio polepole mpaka ikayamaliza. Mwaka wa kumi na moja huu alikuwa hasikii hata radi. Fundi hakuwa na mume wala mtoto, na hakupenda kuulizwa habari hiyo. Alikuwa na baba. Alidunduliza miezi minane kwa sababu alitaka kitu kimoja tu: amwite "Baba!" akiwa jikoni, na baba aitike.

Alifika nyumbani, akaweka boksi mezani, akakata utepe kwa kisu.

Tupu.

Hakuna kifaa. Hakuna karatasi ya maelezo. Kulikuwa na harufu tu... harufu ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Wezi wakubwa!" Fundi alifoka. "Watu wote mjini hawakuwaona, wakaniona mimi? Watazitapika hizo pesa!"

Mzee alimsoma midomo, akacheka. Alikuwa mtu wa utani. Akalivuta boksi na kufanya alichokifanya maisha yake yote kila alipopewa chombo kigeni: akaliweka sikioni. Kule kwenye mashine hapakuwa na njia nyingine ya kujua chuma kinaumwa wapi. Unaweka sikio, unasubiri mtetemo. Mazoea yana taabu. Masikio yalishakufa, tabia ikabaki.

Kicheko kikakatika.

Mzee alikaa vile, macho kodo, boksi sikioni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kuna mtu anapiga hodi. Kamfungulie."

Fundi alikwenda mlangoni. Hapakuwa na mtu. Barabara tupu, mbwa mmoja amelala. Akafunga, akageuka kurudi...

Ngo. Ngo. Ngo.

Alikuwa jirani, yule mwenye redio kubwa, amekuja kuazima bisibisi.

Asubuhi ya Jumanne Fundi alikuwa jikoni akichemsha maji. Alikuwa hajafungua mdomo. Ndiyo kwanza anawaza kumwita baba yake aje anywe chai.

"Naam, mwanangu!" mzee akaitika kutoka sebuleni.

Kikombe kilimponyoka Fundi.

Mzee alitokea mlangoni, uso unang'aa. "Nimekusikia! Umeniita 'Baba'! Nimekusikia kabisa!" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Na Fundi, ambaye alikuwa hajasema neno, alisimama pale juu ya vigae vya kikombe, asijue alie kwa furaha au akimbie.

Hakukimbia. Alichukua boksi, akaenda nalo kibandani.

"Mmeniuzia hewa," alimwambia wakala. "Nataka pesa yangu."

Wakala hakubishana. Aliweka boksi kwenye mizani, akainamia namba, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mia mbili na themanini. Ulipokea mia tatu. Kuna kitu umetoa."

"Nimetoa nini? Nionyeshe kwa kidole!"

"Mimi napima tu, dada." Wakala aliangalia nyuma yake, ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta. Akanong'ona, "Una siku saba. Rudisha hizo gramu ishirini, pesa yako itarudi. Wengine huwa hawarudishi."

"Wengine wapi?"

Wakala akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika.

Siku zile masikio ya mzee yakazidi kutangulia. Jumanne yalitangulia kwa pumzi chache. Jumatano kwa saa nzima: mzee alisema sufuria imeanguka, wakaitazama sufuria iko kwenye rafu, wakaendelea na chakula, wakasahau, ndipo ikaanguka. Boksi lenyewe lilikuwa kabatini. Mzee hakulihitaji tena. Kilichokuwa ndani kilishahama.

Alhamisi asubuhi mzee alikuwa anatafuna mkate. Akaacha kutafuna.

"Unasikia nini?" Fundi aliuliza.

Mzee akatikisa kichwa.

"Baba. Unasikia nini?"

"Watu wanalia," mzee alisema. "Humu humu ndani. Redio ya jirani inasoma habari za jioni, wanasema leo ni Jumamosi."

"Nani wanaolia?"

"Shangazi yako. Kaka yako na mkewe. Hata jirani mwenyewe, namsikia."

"Na mimi?"

Mzee aliutazama mkate.

"Wewe... sikusikii."

Fundi aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa sana. Aliketi, akashika ukingo wa meza, akahesabu: Ijumaa, Jumamosi. Alifikiria nani atampikia baba yake, nani atamkata kucha, nani atamwambia radi imepiga. Halafu hasira ikapanda. Hasira ya Fundi humtibu kuliko dawa yoyote.

"Kinarudi," alisema. "Kinarudi kilikotoka."

"Hapana!" Mzee alifunika sikio kwa kiganja, kama mtu anayelinda mshumaa. "Nikikirudisha nitajuaje kinachokuja?"

"Na kukijua kumetusaidia nini?"

"Miaka kumi na moja, mwanangu. Nimekaa peke yangu ndani ya kichwa changu miaka kumi na moja. Hujui kulivyo kimya humu."

Neno lile lilimchoma Fundi, kwa sababu lilikuwa kweli. Usiku kucha aligeukageuka kitandani, na ilipofika Ijumaa mchana akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akasema taratibu ili midomo isomeke vizuri:

"Baba, unataka kunisikia nikiliwa na udongo, au unataka kuniona nikiishi?"

Mzee alilia. Kisha akaomba kofia yake.

Walifika kibandani na boksi lao, wakala akiwa ameshashusha lango la bati nusu. Fundi alisukuma sanduku lake la zana chini ya lango, chuma kitupu, kilo ishirini na tano.

"Funga kama unaweza."

"Dada, muda umekwisha..."

"Siku saba, umesema mwenyewe. Hii ya nne. Weka boksi kwenye mizani na unyamaze."

Boksi likawekwa. Mia mbili na themanini. Mzee aliinama, akaegemeza sikio kwenye mdomo wa boksi, akafumba macho. Hakuna lililotokea. Gari lilipita nje. Wakala alikuwa anapumua kwa kinywa.

Kisha ikaja ile harufu. Udongo.

Mia mbili themanini na tano.

Mzee aliuma meno. Mshipa ulimsimama shingoni. Kitu kilikuwa hakitaki kutoka, na kila aliyekuwa pale aliona ngozi ya nyuma ya sikio lake inavyovutika yenyewe...

Mia mbili na tisini.

"Toka!" Fundi aliguta. "Hukualikwa! Toka!"

Mia tatu.

Mzee aliteleza chini, Fundi akamdaka. Wakala alilifunga boksi kwa utepe mara tatu, mara nne. Fundi alichukua kalamu, akaitumbukiza katikati ya vidole vya wakala.

"Sasa saini wewe. Hapa. Na hapa."

Wino ulikuwa haujakauka simu ya Fundi ilipoita. Namba bila jina. Mtu alikuwa anapumua, kwa mbali, kama yuko ndani ya pipa.

"Kwa nini umerudisha?" Ulikuwa mnong'ono. "Kilikuwa kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi ya nani?"

"Pesa... tunarudisha. Alichokisikia mzee... hatuwezi."

Simu ikakatika. Papo hapo ujumbe ukaingia: pesa zote, mpaka senti ya mwisho. Walipotoka, lori lilipiga honi nyuma yao, honi ya kupasua ngoma za masikio, na mzee hakugeuka. Fundi alimshika mkono, wakavuka.

Sasa hapo mtu mwingine angekimbilia kwa mganga, au angejifungia ndani asubiri Jumamosi imkute chini ya kitanda. Fundi alikaa na kufikiri kama fundi. Kila siku watu humpigia simu wakilia kwamba friji imekufa kwa sababu inanguruma, naye hufika akakuta ni sahani moja tu inagongana na nyingine. Mlio ni mlio. Baba yake hakuona maiti. Hakuona jeneza. Alisikia sauti. Basi kama Jumamosi inadai sauti, itapewa sauti.

Jumamosi jioni akawaita. Shangazi, kaka yake na wifi yake, na jirani pamoja na redio yake, iliyobaki upande wa pili wa ukuta ikiwaka. Akawaeleza wanachotakiwa kufanya.

"Tulie?" Shangazi alishika kiuno. "Na marehemu yuko wapi?"

"Marehemu ndiye aliyewachemshia chai."

"Huu ni uchuro, mtoto wewe! Unajiitia kifo!"

"Kimeshaitwa, shangazi. Mimi nakifungia mlango. Lieni kwanza, mtanisema baadaye."

Aliketi katikati ya sebule, akauma taulo dogo kwa meno ili hata mguno usimtoke. Mzee aliketi kwenye kigoda mbele yake, akimwangalia usoni. Nje kulikuwa kunaanza kuwa giza.

Redio ya jirani ikapiga ule muziki wa habari. *Leo ni Jumamosi...*

Kaka mtu alianza, na alianza vibaya, sauti ya mbuzi. Wifi akabana kicheko. Lakini shangazi amezika watu wengi, anajua mlango wa kilio ulipo. Alifumba macho, akamwita Fundi kwa jina lake la utotoni, mara moja tu, na kila mtu mle ndani akasisimkwa. Jirani akalia. Kaka akalia, safari hii kweli, akijipiga mapaja. Wakasahau kwamba ni maigizo. Walimlilia mtu aliyekuwa amekaa mbele yao, na yeye aliyasikia yote watakayosema siku hiyo ikifika, na taulo halikutoka mdomoni.

Habari zikaisha. Likaja tangazo la sabuni.

Mmoja mmoja wakanyamaza.

Fundi alitoa taulo. Alijigusa kifua, moyo unadunda. Alitaka kucheka.

"Haya. Nipo. Asanteni sana, chai iko kwenye chupa."

Hakuna aliyenyanyuka. Wifi alikuwa anamkodolea macho.

"Wifi... mbona ulilia namna ile?" alimuuliza Fundi.

"Nani?"

"Wewe."

"Ulilia kutushinda wote," kaka yake alisema. "Nilitaka kukwambia uache."

Fundi aliinua taulo. Alama za meno zilikuwa pale pale, na taya zilikuwa bado zinamuuma.

"Sikufungua mdomo."

"Ilikuwa sauti yako," shangazi alinong'ona. "Nimekulea, siwezi kuikosea. Ila haikuwa inatokea hapo ulipokaa." Akanyoosha kidole kwenye dirisha.

Mzee aliwageukia mmoja baada ya mwingine. "Wanasema nini? Mwanangu, wanasema nini?"

Fundi alikwenda dirishani, akafungua mbao zote mbili. Giza tu, na ukuta wa jirani. Akakaa kimya kama anavyokaa mbele ya mota, akisikiliza.

Na akaisikia. Chini kabisa, karibu na ardhi, pamoja na ile harufu ya udongo mbichi. Sauti yake mwenyewe, inalia kwa kwikwi, kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Nywele zilimsimama. Alisikiliza mpaka akawa na hakika. Kisha akageuka kwa watu wake.

"Kumbe aliyefiwa ni yeye," alisema. "Mwacheni alie."

Akafunga dirisha, akatia komeo, akammiminia baba yake chai. Nusu ilimwagika kwenye kisosi, lakini mzee aliipokea na kuinywa yote.